Kanisa Letu la Matopeni

Kisiwa cha Gulseom,
Wilaya ya Ganghwa,
Korea.
12 Novemba 1946

Mpendwa mdogo wangu Cheol-gyu,

Pokea salamu za dada yako Hyo-im, za zamani zilizolala na za leo zilizo moto. Hujambo? Mkeo hajambo? Daniel na Mi-ra wanaendeleaje, na yale maumivu ya tumbo ya Mi-ra uliyoniandikia kabla ya vita yamepona? Mimi ni mzima. Mikono tu ndiyo inaniwasha, kwa sababu wiki hii kisiwa kizima kinatia chumvi kabichi za majira ya baridi, na hata sasa vidole vyangu vinanuka vitunguu saumu. Ukiona doa jekundu kwenye karatasi usishtuke, ni pilipili.

Barua yako ililetwa na mashua ya uduvi. Mwenye mashua aliipunga hewani tangu alipokuwa mbali, akipiga kelele, "Hyo-im! Hawaii imekukumbuka!" Nilipoona mwandiko wako niliketi palepale juu ya mawe ya gati. Nilijua kwamba uko hai, na kwa siku ile hilo lilinitosha.

Lakini umemsalimu Mama kwa maneno mengi matamu, na mimi siwezi kuyafikisha. Kaa chini, mdogo wangu. Mama hayupo. Alitutoka mwaka jana mwezi wa tatu, miezi michache tu kabla ya uhuru. Barua za kwenda ng'ambo zilikuwa zimekatwa, sikuwa na njia ya kukuambia. Nimeubeba msiba huu kwa niaba yetu sote wawili, leo nakukabidhi fungu lako. Lia kwanza. Kisha urudi usome yaliyobaki, kwa kuwa kifo cha Mama hakitenganiki na yale uliyoniuliza.

Umeniomba mambo mawili. La kwanza, niwaandikie wenzako wa kanisa la Honolulu jinsi kanisa letu la Wamethodisti lilivyoanza na lilivyoishi vitani. La pili, unasema kisiwa hiki hakina tena cha kunishika, nije nikae kwako. Nitakujibu la kwanza, na la pili utalipata humohumo njiani.

Mwanzo wenyewe unaujua nusu, maana Baba hakupenda usimuliwe mbele ya wageni. Mama aliletwa Gulseom akiwa bibi harusi asiye na jina. Kwao walikuwa wakimwita Seopseobi, Sikitiko, kwa sababu baba yake alitaka mtoto wa kiume. Hapa, kwa ukoo wa Baba, akawa "yule wa kwa Ham", basi. Siku moja alivuka kwenda kuuza uduvi wa chumvi gulioni Ganghwa, akawakuta wanawake wa Kikristo wakifundisha wenzao kusoma nyuma ya maduka ya mikeka. Alirudi kila siku ya gulio. Kikapu cha uduvi kilikuwa kisingizio tu.

Mchungaji alipotaka kumbatiza alimuuliza, "Jina lako nani?" Mama akajibu, "Sina." Akabatizwa Lidia, ambalo kwa ndimi zetu likawa Rudia. Akavuka maji hadi nyumbani, akamweleza mumewe.

"Jina la nini?" Baba akauliza. "Nani atakuita? Bata?"

"Mungu ataniita," Mama akasema. "Na wewe, ukitaka chakula."

Baba alikaa na njaa hadi jioni. Halafu, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa, akasema, "Rudia, wali upo?" Mama alinisimulia hayo mara nyingi, na kila mara alicheka mpaka anashika mbavu.

Basi wanawake wa kisiwa wakaanza kuja jikoni kwetu. Sioni haya kuandika kwamba wengi walikuja kutafuta jina kabla ya kumtafuta Mungu. Walitoka wakiwa wamepata vyote viwili. Jiko lilipojaa waliamua kujenga. Baba ndiye aliyezibeba nguzo za msonobari kutoka upande wa pili wa kilima, ingawa hakubatizwa hadi alipoingia kaburini. "Nguzo si dini," alikuwa akisema. Wewe mwenyewe ulicheza chini ya nguzo hizo, wanawake wakiwa upande wa kushoto, wanaume kulia, na pazia katikati ambalo ulikuwa unalivuta ili uone nani anasinzia.

Sasa nije kwenye vita. Mwaka ule ulipoandika barua yako ya mwisho kabla njia hazijakatwa, ilikuja amri ya Wajapani kwamba makanisa madogo yafungwe, waumini wakasali mjini. Nani angevuka bahari kila Jumapili? Mchungaji wetu wa mzunguko, aliyehudumia makanisa kadhaa kwa zamu, alihamishwa upande wa kaskazini. Mkuu wa kijiji, yule Pyo mwenye nyumba ya vigae karibu na kisima, akaja na askari na kufuli kubwa. Walitoa vitabu vya nyimbo, wakaingiza magunia ya mpunga waliotunyang'anya kwa ajili ya jeshi. Njaa yetu ikawa inahifadhiwa ndani ya kanisa letu.

Mama hakupiga kelele. Alisimama akitazama kufuli kama anavyotazama kitoweo kisichotosha. Kesho yake maji yalipokupwa, alichukua kapu na jembe dogo la kuchimbia chaza, akapita nyumba kwa nyumba. "Twendeni matopeni," aliwaambia kina mama. "Leo kuna chaza wengi." Walipofika mbali, mahali ambapo ufuo unaonekana kama uzi, aliinama akaanza kuchimba, na huku anachimba akaanza kuomba.

Hivyo ndivyo tulivyosali miaka ile yote, Cheol-gyu. Ibada yetu haikuwa na kengele, iliitwa na bahari. Jumapili moja maji yalitoka alfajiri, nyingine mchana, nasi tulifuata. Mahubiri yalikuwa mafupi, maana bahari haingoji amina ya mtu. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali zaidi, tulipata nafasi ya wimbo wa ziada. Na ilibidi kila mmoja arudi na kapu limejaa, kwa hiyo sijapata kuona kanisa ambalo watu wake wanafanya kazi hivyo wakati wa maombi.

Alikuwepo askari mmoja wa kwetu, anaitwa Bu, kijana wa Ganghwa aliyevaa sare ya Wajapani na viatu vya ngozi anavyovipenda kuliko mama yake. Siku moja alitupigia kelele kutoka ufuoni.

"Nyie mama! Mnafanya nini huko?"

"Tunachimba chaza, baba!" Mama akajibu.

"Mbona mnaimba?"

"Matope ya baridi! Tunajipasha moto!"

"Basi imbeni nyimbo za Mfalme wa Japani!"

"Hizo hatuzijui vizuri! Shuka utufundishe!"

Aliyatazama matope, akavitazama viatu, akaondoka zake. Tulicheka hadi makapu yakatuponyoka. Hatukujua kwamba tumemkasirisha.

Katika wanawake wale alikuwepo mmoja ambaye hakuna aliyemtarajia. Ni Mama Byeong-tae, mke wa Pyo mwenyewe. Mwanawe Byeong-tae alikuwa amechukuliwa kwenda kufanya kazi migodini Japani, na baba mtu ndiye aliyeliandika jina lake kwanza ili kijiji kione kwamba mkuu hana upendeleo. Tangu siku hiyo mama huyu alikuja matopeni amejifunga kitambaa usoni, anachimba pembeni, haombi kwa sauti wala haimbi. Wengine walinong'ona kwamba ametumwa kutupeleleza. Mama alisema, "Mwacheni. Mtu akitaka kupeleleza halii namna ile."

Majira ya baridi ya mwisho wa vita, siku ya ukungu, Bu alivua viatu vyake. Tulimwona ameshafika, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu imekuwa ya buluu, hasira zimempanda kuliko baridi. Tulikuwa tumepiga magoti katika matope. Hakuna anayechimba chaza akiwa amefumba macho.

"Nani amewaita?" akauliza.

Mama akasimama. Niliona anasogea hatua kidogo upande, na sikuelewa kwa nini mpaka nilipomwona Mama Byeong-tae nyuma yake, amejikunja, kitambaa kimemtoka usoni. Mama alimziba kwa mwili wake.

"Mimi," akasema. "Hawa wamekuja kuchimba, mimi ndiye nimewasimamisha kazi. Nichukue mimi."

"Na huyo nyuma yako ni nani?"

"Ni mgonjwa. Ana homa. Ukimgusa itakupata, na miguu yako hiyo tayari inatetemeka."

Bu alimshika Mama mkono akamvuta. Mimi nilitaka kuwafuata, Mama akageuka akanikazia macho, yale macho yake ya kutukataza tusivunje sahani. Nikabaki.

Walimlaza kituoni Ganghwa juu ya saruji, katikati ya majira ya baridi, mwanamke mtu mzima mwenye kifua kibovu. Nilivuka kila nilipopata mashua, nikampelekea uji wa shayiri. Mara nyingine waliupokea, mara nyingine waliumwaga mbele yangu. Walimtaka awataje waliokuwa naye. Aliwatajia majina ya samaki na makombe yote anayoyajua. Walipoona anakohoa damu walimrudisha kwa mashua ya mkaa, hawakutaka afie mikononi mwao.

Alikaa nami wiki chache, juu ya sakafu yetu inayopashwa moto kwa chini, akishindwa kupata joto. Sitaandika yote. Jioni ya mwisho aliniuliza, "Kesho maji yanakupwa saa ngapi?" Nikamwambia asubuhi. Akasema, "Basi waambie wavae soksi nzito." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka, na mimi niliyatii. Asubuhi ile nilipeleka habari ya kifo chake matopeni, nikiwa nimevaa soksi nzito, nao walikuwepo wote.

Siku ya mazishi Bu alikuja kutoa amri: watu wamzike, lakini asisikie mdomo wa mtu ukifunguka kuimba. Hatukufungua. Tulimpandisha kilimani tukivuma wimbo kwa midomo iliyofungwa, wanawake wote, na sauti ile ilitoka vifuani kama nyuki walioamka. Bu alitembea kando yetu akitazama midomo yetu mmoja mmoja. Hakupata wa kumkamata. Mama amelazwa karibu na Baba, uso kuelekea maji.

Uhuru ulipokuja mwezi wa nane tulilia na kucheza kama watu wengine. Bu alitoroka siku ileile, hatujui aliko. Kesho yake tulikwenda kanisani, tukakuta kufuli palepale. Magunia ya jeshi yalikuwa yameondoka, sasa Pyo ameweka mitungi yake ya uduvi wa chumvi.

"Mzee, tunaomba ufunguo," nikamwambia.

"Ufunguo wa nini?"

"Wa kanisa."

"Kanisa lilifutwa. Hakuna kanisa, kwa hiyo hakuna mwenye nyumba. Mimi nailinda isiharibike."

Nilikwenda mjini Ganghwa kwenye ofisi mpya. Waliniambia nirudi kesho, na kesho wakanituma dirisha jingine, na dirisha hilo likanituma Incheon. Mchungaji wetu wa zamani naye alinasa ng'ambo ya mstari ule waliouchora Warusi na Wamarekani. Kutoka kilimani kwetu naviona vilima vya upande aliko, lakini hawezi kuvuka. Kwa hiyo mwaka mzima wa uhuru tuliendelea kusali matopeni. Wavuvi waliopita walitucheka: "Nyie, hamjaambiwa vita vimekwisha?" Nikawajibu, "Kwetu bado."

Sasa sikiliza lililotokea mwezi wa tisa mwaka huu, siku chache baada ya sikukuu ya mavuno. Niliamka nikasikia kwamba Pyo ameuza mbao za kanisa kwa mjenga mashua wa bara. Nilikimbia na aproni yangu. Nilikuta seremala huyo na watu wake wameshaegemeza ngazi, mitaimbo mikononi, na vigae vya kwanza vimeshashushwa chini. Wanawake wakaja nyuma yangu mmoja mmoja. Tulisimama mbele ya mlango. Nilisema, Cheol-gyu, kwa sauti waliyoisikia hadi kisimani.

"Nguzo hizi alizibeba baba yangu mgongoni. Hakuna atakayezigusa."

"Binti Ham," Pyo akasema, "nenda ukaoshe kabichi. Mama yako alikufa kwa ukaidi, nawe unataka kumfuata?"

"Ndiyo," nikasema. Sikuwa nimeliandaa jibu hilo. Lilitoka lenyewe.

Pyo akawaambia wale watu waendelee. Mmoja akaweka mguu kwenye ngazi. Hapo ndipo Mama Byeong-tae alipotokea kwenye njia ya kisimani, kichwa wazi, hakuna kitambaa. Alimpita mumewe kana kwamba anapita kichaka. Kutoka kiunoni akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akaingia ndani, akasogeza mitungi miwili, akaketi upande wa kushoto, sakafuni, mahali pa wanawake.

"Fundi!" akaita kutoka ndani. "Toa paa kama unataka. Mimi nimo."

"Wewe mwanamke, toka!" Pyo akapiga kelele. "Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Nimeibeba aibu yako tangu ulipomwandika mwanangu," akasema. "Leo na wewe beba ya kwangu."

Mkono wa Pyo ulikuwa bado umenyooka kuelekea mlangoni, akashindwa kuushusha. Kisha Mama Byeong-tae akasema neno ambalo tulikuwa hatujalisikia kwake miaka yote ile. "Rudia alinificha nyuma yake. Alikufa badala yangu. Mimi siondoki humu."

Nikaingia. Wakaingia wote. Tuliketi katikati ya mitungi, magoti yakigusana, uduvi ukinuka hadi machozi. Yule seremala alichungulia, akatutazama, akakuna kichwa.

"Mzee," alimwambia Pyo, "mimi kazi yangu ni kujenga. Sijawahi kubomoa nyumba yenye watu, na leo sianzi." Akawaambia vijana wake washushe ngazi, wakaenda zao gatini.

Hatukuvunja hata mtungi mmoja. Tuliitoa yote, wanawake wawili wawili, tukaipanga ukutani kwa Pyo kwa utaratibu mzuri, vifuniko juu. Mama Byeong-tae alikwenda nyumbani akampikia mumewe chakula cha jioni kama kawaida. Aliniambia alikula bila kusema neno, na tangu hapo hajauulizia ufunguo. Hajaja kanisani. Byeong-tae mwenyewe bado hajarudi kutoka Japani, wala hakuna habari zake, nasi tunamwombea kwa jina kila tunapokutana. Mwambie na mkeo amwombee.

Jumapili ya kwanza mle ndani lilitokea jambo la kuchekesha. Tulipoanza wimbo, sauti zetu zilikuwa kubwa mno. Tulikuwa tumezoea kushindana na upepo, na sasa tuko kwenye chumba kidogo chenye kuta. Vumbi lilitudondokea kutoka darini. Tulitazamana, tukacheka, na hakuna aliyepunguza sauti.

Basi hali yetu ndiyo hiyo. Paa lina tundu pale walipotoa vigae, tumeliziba kwa mkeka. Pazia la katikati hatukulirudisha, maana kitambaa chake kilishakuwa magunia, na wanaume wachache waliorudi wanaona haya kulidai. Mchungaji hatuna. Viongozi wa makao makuu ya kanisa wameniahidi mtu, lakini wao wenyewe bado wanatafutana. Kwa hiyo wanawake wameniweka mimi nisome na kuhubiri mpaka atakapopatikana, na asipopatikana nitaendelea. Mama Byeong-tae ninamfundisha kusoma kila jioni baada ya kabichi. Amenitangazia kwamba habari ya kuzaliwa kwa Bwana ataisoma yeye Krismasi, na amenionya nisimsaidie hata akikwama.

Wasomee wenzako hapo Honolulu barua hii, lakini usiipambe. Wakiuliza mwanzilishi wa kanisa la Gulseom ni nani, usiwatajie mmisionari yeyote. Ni muuza uduvi.

Na kuhusu mimi kuja kukaa kwako, nimekushukuru kutoka moyoni, na najua nyumba yako ina joto na watoto wako wanahitaji shangazi. Usinikatie tiketi. Jumapili hii ni zamu yangu mimbarini, na inayofuata ni yangu pia, na sina wa kumwachia.

Nisalimie mkeo sana, mwambie nimeipokea picha yenu na nimeiweka mahali ambapo Mama angeiweka. Nisalimie Daniel, na Mi-ra mwenye tumbo. Binamu yetu Dal-su wa kwenye mashua anakusalimu na anauliza kama kweli huko hakuna baridi. Shangazi Geut-nye, ambaye sasa hasikii vizuri, anakusalimu kwa kelele. Na Mama Byeong-tae, ambaye hukumjua vyema, ameniomba jina lake liwemo katika salamu hizi. Hilo hapo, liko.

Mungu aliyetusikia matopeni akusikie na wewe huko uliko, alinde mlango wako na wote wanaoupita.

Mimi dada yako, nikupendaye bila kupungukiwa,
Ham Hyo-im